Nane Ina Mwenyewe

Jumatatu. Mvua imenyesha alfajiri ikakata ghafla, na sasa jua limewaka mpaka mawe ya huku kwetu Mabatini yanafuka moshi. Nikisimama mlangoni naliona ziwa kipande kidogo tu, kati ya paa la jirani na tenki la maji. Leo linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Shajara yangu, sijui nianzie wapi. Nimefika nyumbani nikaweka kanga kitandani, nikaitoa, nikaiweka tena. Chai nimeisahau jikoni imekauka. Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu na hata kukaa sijakaa.

Kama nitarukaruka nivumilie. Habari yenyewe ni ya kuruka.

Ilianza Alhamisi, siku ambayo sikuandika kitu hapa kwa sababu moyo ulikuwa mzito. Nilikwenda kumchukua Koku chekechea. Koku ni binti yangu, ametimiza miaka sita, na Januari watoto wa umri wake wanaingia darasa la kwanza. Mwalimu Stella akaniita pembeni. Ni mwalimu mpole sana, hata akiwa na jambo gumu la kukuambia analifunga kwanza kwenye tabasamu.

"Mama Koku, mtoto anaimba, anachora, herufi anazijua. Lakini kuhesabu hatuelewani. Kila siku anaruka nane."

Nikasema labda anasahau.

"Hasahau. Nikimwambia sema nane, anasema nane, tena kwa sauti. Nikimwambia haya hesabu, anafika saba, anavuta pumzi, anakwenda tisa. Kama mtu anayevuka mtaro."

Akanieleza kwamba Jumatatu, yaani leo, atawasimamisha watoto mmoja mmoja mbele ya wenzao wahesabu mpaka kumi. Anayeshindwa atabaki chekechea mwaka mwingine, ajipange vizuri. Aliliweka kwa upole kabisa. Mimi nilisikia neno moja tu: atabaki.

Njiani nilimshika Koku mkono. Yeye anaruka madimbwi, anaimba, mimi nawaza: amechukua kwangu. Kile kishimo cha shavuni amechukua kwangu, na kidole kidogo cha mguu kilichopinda, na sasa na hili.

Maana mimi hesabu ilinishinda. Nimeishia kidato cha pili, na miaka yote ile daftari langu la hesabu lilikuwa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Niliambiwa nina kichwa kizito, nikaamini, nikakibeba hivyo hivyo mpaka leo. Nywele za mtu nazielewa. Namba nikiziona nyingi pamoja nahisi zinaongea lugha ya nyumba nyingine.

Sikutaka mwanangu aambiwe neno lile. Hata kwa tabasamu.

Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa nilimsumbua mtoto, nakiri. Nilitumia vidole, maharage, biskuti. Nilimtungia wimbo wenye nane nyingi, akaupenda, akauimba wote vizuri, halafu nikamwambia hesabu, akahesabu: sita, saba, tisa. Mwisho nikamwambia nane inalia kwa sababu haisemwi. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto.

"Hawezi kulia, mama. Yuko kwake."

Neno hilo lilipita masikioni mwangu likaenda zake. Laiti ningelikamata pale pale! Lakini nilikuwa nahangaika na biskuti.

Sasa Jumamosi.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua mimi ni msusi. Nasuka kwenye saluni ya Mama Masunga, kule chini karibu na barabara. Mama Masunga ni Msukuma wa Magu, mnene, mcheshi, sauti yake inafika kabla yake. Ana kalkuleta kubwa yenye vitufe vya kubonyea kama mito, na hataki mtu aiguse. Isipokuwa Koku. Jumamosi Koku akija nami, anawekwa kwenye kigoda nyuma ya meza, anapewa kalkuleta, na utulivu unapatikana.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama wa Musoma anayeitwa Mama Nyangeta, anataka mtindo wa twende kilioni. Hiyo si ya mchezo. Ni mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na mteja kama huyu mstari ukipinda kidogo tu atakuuliza kama ulikuwa unasuka au unaendesha baiskeli. Kichwa chake kilikuwa kimeinama mapajani mwangu. Koku nyuma yetu anahesabu huku anabonyeza, moja, mbili, tatu, kila neno na kitufe chake. Sita. Saba. Tisa.

Mama Masunga akachungulia. "Haa! Kairuka hata kwenye mashine! Mama Koku, huyu mtoto ana kesi na nane."

Nilitaka kulia na nilikuwa na kitana mdomoni.

Mama Nyangeta akasema kutoka mapajani, sauti imebanwa, "Muacheni. Kama tisa ndiyo anaipenda, mzidishieni kwa tisa ashibe."

Alikuwa anatania tu. Watu wa Mara wakitania ni kama wanagombana. Lakini Mama Masunga naye hapitwi na utani, akanyoosha kidole, akabonyeza alama ya kuzidisha, akabonyeza tisa, akabonyeza jibu.

Mama Masunga kunyamaza si jambo la kawaida, nikageuka.

"Mmeniharibia kalkuleta," akasema taratibu.

Nikaacha nywele. Kwenye kioo cha kalkuleta kulikuwa na moja. Moja, moja, moja, moja, kioo karibu kinajaa, zimesimama zote wima bila kitu kingine katikati. 111111111. Nikazihesabu kwa ncha ya kitana. Zilikuwa tisa.

Nikafuta. Nikaandika mwenyewe, kwa uangalifu, kama Koku alivyohesabu: 12345679. Mara tisa. Zikaja tena zile zile, tisa, zimenyooka.

Shajara, unajua nilichokiona? Niliona twende kilioni. Mistari tisa imelala sambamba, hakuna uliopinda.

Nikasema labda ni kawaida, labda namba yoyote iliyopangwa vizuri hufanya hivyo. Nikaandika kwa usahihi, na nane yake ndani, kama Mwalimu Stella anavyotaka: 123456789. Mara tisa. Ikaja 1111111101.

Kuna sifuri. Pale karibu na mwisho, moja zinakuja vizuri, halafu sifuri, halafu moja ya mwisho imetengwa peke yake. Kama kichwa kilichosukwa vizuri chote halafu nyuma kuna upara.

Nane ikiingia, mstari unapata upara. Nane ikirukwa, mistari yote inanyooka.

Nilipiga yowe. Mama Nyangeta akainuka na nusu ya kichwa imefumka, anauliza nani kafa. Tukamwonyesha. Akaisoma ile namba ya Koku kwa sauti, maana yeye kasoma vizuri: milioni kumi na mbili, laki tatu na elfu arobaini na tano, mia sita sabini na tisa. Ilivyosikika! Namba ya mwanangu, imevaa mamilioni na malaki, na yeye mwenyewe yuko kwenye kigoda anakula ubuyu.

"Haya, mimi nataka tano," akasema Mama Masunga, kama yuko sokoni. "Tisa imetoa moja. Tano itatolewa na nini?"

Na hapo, shajara yangu, kichwa changu kizito kikafanya kitu. Kabla sijajishtukia nikasema, "Tano mara tisa. Arobaini na tano."

Tukazidisha kwa arobaini na tano. 555555555.

Mama Nyangeta akataka saba. Sitini na tatu. Zikaja saba tisa zimejipanga kama wanafunzi mstarini. Mimi nikataka nane, kwa hasira tu. Sabini na mbili. Na zikaja, nane tupu, kioo kizima, 888888888. Namba ambayo haina nane hata ya dawa, imezaa nane tisa kwa mpigo mmoja!

"Wahaya bwana," Mama Masunga akanitania mimi wa Bukoba, akapiga mapaja. "Hata kukosea mnakosea kwa maringo!"

Tulicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuangalia. Kichwa cha Mama Nyangeta kilikwisha jua limeshapinda, na hakulalamika hata kidogo. Aliponyanyuka kujitazama kwenye kioo alisema tu, "Umenisuka mistari mingapi?" Tukahesabu. Ilikuwa minane. Akacheka peke yake mpaka nje.

Lakini nilipopanda mlima kurudi nyumbani, Koku amelala mgongoni, furaha ikanipungua kidogo. Namba nzuri, sawa. Je, Jumatatu nitamwambia Mwalimu Stella nini? Kwamba mwanangu asihesabu vizuri kwa sababu akikosea anapendeza?

Jana Jumapili tulitoka misa ya kwanza. Baba Koku yuko Ukerewe kwenye kazi ya ujenzi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili. Koku akatoka kucheza. Mimi nikabaki na swali moja ambalo halikuniacha hata wakati wa komunyo, Mungu anisamehe.

Kwa nini nane?

Kwa nini si sita au tatu? Nani kaitoa?

Nikachukua boksi tupu la rasta, zile nywele bandia za kusukia, nikalichana, nikakaa kizingitini na kalamu. Nikawaza: kama ile namba mara tisa inatoa moja tisa, basi nikizichukua zile moja tisa nikazigawanya kwa tisa, nitaiona namba inazaliwa. Kugawanya kwa mkono tulifundishwa darasa la nne. Sijakugusa tangu siku hizo. Nilikuwa naogopa kama mtu anayefungua sanduku la zamani bila kujua kuna nini.

Kumi na moja kwa tisa. Inaingia mara moja, inabaki mbili. Nikaandika moja juu. Nikashusha moja nyingine: ishirini na moja. Inaingia mara mbili, inabaki tatu. Nikashusha moja: thelathini na moja. Mara tatu, inabaki nne.

Nikaanza kutabasamu. Unaona inavyokwenda? Kila ngazi inabakiza ngazi inayofuata. Arobaini na moja, mara nne, inabaki tano. Hamsini na moja, mara tano, inabaki sita. Sitini na moja, mara sita, inabaki saba. Sabini na moja, mara saba, inabaki nane.

Inabaki nane!

Ilikuwapo. Imefika kwa zamu yake, nyuma ya saba, kama inavyotakiwa. Nikashusha moja ya mwisho kabisa, ikasimama karibu na ile nane, zikawa themanini na moja. Na themanini na moja kwa tisa ni tisa. Kamili. Haibaki kitu.

Nililiangalia lile boksi muda mrefu. Juu, kwenye jibu, nane haionekani: saba, halafu tisa. Ukisoma juu tu utasema imesahauliwa. Lakini shuka chini, kwenye kazi yenyewe, utaikuta. Nane ndiyo iliyobaki, ndiyo iliyoungana na moja ya mwisho, na bila hiyo hesabu isingeisha sawasawa.

Nililia kidogo. Kilio cha furaha, machozi mawili matatu tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeiuliza hesabu kwa nini, na ikanijibu.

Koku akaja mbio kunywa maji, akaona boksi. Hajui kugawanya, lakini jibu la juu alilisoma kwa kidole. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, tisa. Mama! Na wewe unaruka!"

Na hapo ndipo nikatambua kwamba siku zote hizi nilikuwa namwamuru. Sema nane, rudia nane. Kumuuliza, sikuwahi.

"Koku, kwa nini tunaruka nane?"

Akanijibu kama nimeuliza kwa nini tunavua viatu mlangoni.

"Nane ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Neema."

Neema ni mtoto wa jirani yangu, tumegawana ukuta. Wanasoma chekechea moja, wanakula sahani moja. Koku akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe bapa ambalo watoto wote wa huku juu wanachezea. Wamelichora vyumba kwa mkaa, kimoja baada ya kingine, moja mpaka tisa, na juu kabisa kuna kumi, kama kichwa, pale unapotua kwa miguu miwili na kugeuka. Unatupa kigae, unaruka kwa mguu mmoja bila kukanyaga chumba chenye kigae, unarudi. Mchezo huu niliucheza Bukoba mpaka magoti yakawa na makovu. Nilikuwa nimesahau sheria yake kubwa.

Ukimaliza vyumba vyote bila kukosea, unageuka, unatupa kigae kwa nyuma bila kuangalia. Kikiangukia chumba, chumba hicho ni nyumba yako. Wewe unaweza kupumzika humo hata kwa miguu miwili. Wengine wote hawakanyagi. Wanaruka.

Neema alishinda siku nyingi zilizopita. Kigae kikaangukia nane. Mchoro umefutwa na mvua na kuchorwa upya mara nyingi tangu hapo, lakini nyumba ni nyumba.

Kwa hiyo mwanangu hajasahau kitu. Kichwa chake si kizito. Anajua nane iko wapi kuliko sisi wote, ndiyo maana haikanyagi. Alikuwa na adabu tu!

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka mpaka nikashika tumbo. Neema akatoka kwao kuona kuna nini, mdogo, mwembamba, mikono kiunoni kama mwenye kiwanja.

Nikatoa simu, maana nilikuwa na hamu ya kitu kimoja. Nikaandika namba ya Koku, 12345679, nikasema ngoja niirudishie nane yake nione. Mara nane.

98765432.

Nikaisoma kwa sauti na nywele zikanisimama. Imegeuka! Ilikuwa inapanda, sasa inashuka. Tisa, nane, saba, sita, tano, nne, tatu, mbili. Kama mtoto aliyefika kichwani kwenye kumi, akageuka, akaanza kurudi. Na safari hii nane imekanyagwa. Iliyorukwa ni moja.

"Sasa hapa nani kakanyaga nane?" nikawauliza, namtania Koku.

Koku akaangalia simu, akaangalia jiwe. "Huyo ni Neema. Yeye ni kwake."

"Na mbona kairuka moja?"

Wakanijibu wote wawili kwa pamoja, wakinionea huruma: "Si ndipo kigae kilipo!"

Shajara, nieleze. Ni nani aliyeiweka ile namba pale, imekaa kimya ikisubiri watoto wawili wa Mabatini waisome kwa miguu?

Tulijaribu na mengine mpaka chaji ikaanza kulia. Mara mbili inaruka saba. Mara nne inaruka tano, mara tano inaruka nne. Mara saba inaruka mbili. Kila mara namba zote zinatokea, zimechanganyika, ila moja tu imeachwa, kana kwamba kila safari kuna chumba chenye mwenyewe. Na ukijumlisha unayozidishia na iliyorukwa, unapata tisa. Nilikagua zote. Mara tatu na mara sita tu ndizo zenye tabia nyingine: mara tatu inatoa 37037037, ukiisoma harakaharaka ni ngoma.

Halafu nikawa serious, maana kesho yake ilikuwa leo.

"Koku, mtu akifika kwenye nyumba ya mtu anafanyaje?"

"Anapiga hodi."

"Akijibiwa karibu?"

"Anaingia."

Nikaona kile kishimo cha shavuni kinakuja na kuondoka, akili inafanya kazi. Akamgeukia Neema. "Kesho kwa mwalimu nikipiga hodi, utanikaribisha?"

Neema hakukubali kirahisi. Alitembea mpaka kwenye chumba chake, akasimama humo kwa miguu miwili, akafikiri. "Nitakukaribisha. Lakini uingie kwa mguu mmoja. Na usikae."

Wakapeana vidole vidogo. Nikasema haya, mkataba umefungwa.

Leo asubuhi mvua ilikuwa imefuta vyumba vyote. Tulipita pembeni ya jiwe tupu, jeusi, linameremeta, na Koku bado aliinua mguu mahali fulani. Sikuuliza.

Mwalimu Stella aliniruhusu nisimame dirishani. Nilikuwa nimeshika nondo za dirisha kama mfungwa. Watoto wakaitwa mmoja mmoja. Neema akaenda, akahesabu vizuri, na kwenye nane akatulia kidogo, akatabasamu, akaendelea. Kisha likaitwa jina la mwanangu.

Moja. Mbili. Tatu. Sauti ilikuwa ndogo. Nne. Tano. Mwalimu ameinamisha kichwa, kalamu mkononi. Sita. Saba.

Koku akavuta pumzi, na mimi yangu ikakata.

"Hodi!"

Mwalimu akainua kichwa. Kutoka mkeka wa nyuma sauti ya Neema ikaja, taratibu, kama mwenye nyumba asiye na haraka:

"Karibu."

Koku akainua mguu mmoja, akatua. "Nane!" Akaruka. "Tisa!" Akaruka tena akatua kwa miguu yote miwili, puu, mpaka vumbi. "Kumi!"

Mwalimu Stella aliangalia mtoto, akaangalia dirishani, akaniona. "Rudia," akasema.

Koku akarudia. Na safari hii alipofika saba na kusema hodi, darasa zima lilipaza sauti, "Karibuuu!" Nadhani waliosikia kule barabarani walidhani kuna harusi.

Mwalimu akaweka kalamu chini, akajifunika mdomo, mabega yanacheza. Alipotoka nje kuniona macho yalikuwa yamelowa kwa kucheka. "Mama Koku, hodi hii umemfundisha wewe?"

"Hapana, mwalimu. Ni nyumba ya Neema."

Nikamweleza yote kwa haraka, jiwe, kigae, namba, twende kilioni, sijui kama alielewa nusu. Akaniomba nimwandikie ile namba kiganjani mwake kwa kalamu. Nikaiandika. Tarakimu nane, bila nane. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Basi mshonee sare. Januari anaingia la kwanza."

Mshonee sare!

Nilikimbia mpaka saluni. Mama Masunga alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri tangu asubuhi, anasema hajasuka mtu kwa wasiwasi. Nikamwambia kapita. Akanikumbatia mpaka miguu ikatoka chini. "Sasa mtatusumbua," akasema. "Mtoto kapita, mtaa mzima utajua mpaka Buswelu." Ndiyo, Mama Masunga. Naandika hapa ili hata nje ya Buswelu wajue.

Baba Koku nimempigia. Simu inakatikakatika kwa sababu ya upepo wa huko kisiwani. Amesikia "kapita", amesikia "hodi", mengine hakusikia. Ameniuliza hodi ya nani. Nitamweleza akirudi, kwa kalkuleta.

Sasa naandika na Koku na Neema wako nyuma ya nyumba wanachora vyumba upya. Nawasikia wanabishana. Koku anataka kutupa kigae kwa nyuma, naye apate yake.

Nina jambo moja zaidi, nikishaliandika hapa siwezi kulifuta. Kwenye ukumbi wa parokia kuna darasa la jioni la watu wazima walioishia njiani na wanataka kurudi kwenye masomo ya sekondari. Nimepita mbele ya ule mlango kila wiki mwaka mzima, na kila nikifika pale nakuwa na haraka. Haraka ya wapi? Nilikuwa naruka. Nilijiambia ndani mle mna wenyewe.

Lile boksi la rasta nimelihifadhi chini ya godoro. Nimeliangalia tena sasa hivi. Sabini na moja kwa tisa, mara saba, inabaki nane. Mwandiko ni wangu.

Kesho nina kichwa cha mtu cha kusuka asubuhi. Jumatano jioni nitavaa lile gauni la bluu, Koku nitamwacha kwa mama Neema, nitakwenda mpaka pale mlangoni nipige hodi.

Mguu mmoja kwanza.